Sista Trizah na Gego la Aliza

Kwa miaka kumi na minane Trizah Mumo, mkunga, alikuwa akishika matumbo ya wanawake wa Kibokoni, na wenyewe walisema mikono yake ina macho. Akiweka viganja juu ya tumbo la miezi minane, akabonyeza hapa kidogo na pale kidogo huku akitazama dirishani kana kwamba anawaza mambo yake, atakwambia kichwa kiko wapi, mgongo umeelekea upande gani, na kama mtoto amelala vibaya. Alikosea mara chache sana. Hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa Makindu, akaja Mombasa akiwa ameolewa na Benard, fundi wa reli, wakapanga nyumba Tudor na hawakuhama tena. Lakini miaka ilikuwa imemlainisha ulimi. Alikwisha kujua kwamba mtu wa Mji wa Kale humwanzi na ugonjwa. Waanza na salamu, waulizia watoto, waulizia mavyaa, yaani mama mkwe, hata mgonjwa mwenyewe alifikie linalomuuma kwa hiari yake.

Zahanati aliyofanyia kazi ilikuwa ya wakfu, vyumba vinne tu chini ya nyumba kuukuu yenye kuta nene na baridi. Alhamisi ilikuwa siku ya mimba mpya. Kuanzia saa mbili asubuhi wanawake walijaa mabenchini, mabuibui yamegusana, na Trizah akawaita mmoja mmoja. Alipima presha, akapima uzito, akatoa damu kidoleni, akatuma mkojo upimwe, akafunua kope. Mwisho alisema, "Toa ulimi," akatazama kama ulimi umekuwa mweupe, maana hiyo ni dalili ya damu kupungua. Meno yalikuwa hapo hapo mbele yake, yameuzunguka ule ulimi, naye hakuwahi kuyaona. Hakuwa mzembe. Ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba na hayo ni yake.

Aliza aliingia Alhamisi moja ya mwezi wa Februari, mimba ikiwa ya miezi miwili. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye kucheka upesi, na kila akicheka huweka ncha za vidole mdomoni. Mumewe, Kashif, alikuwa na duka la leso Barabara ya Biashara. Waliishi na mamake Kashif, Bi Sabira, katika ghorofa moja karibu na Ndia Kuu.

"Natapika, Sista," Aliza alisema. "Natapika asubuhi, natapika adhuhuri. Hata mswaki siutii kinywani, nikiutia tu tumbo lapanda. Kinachonituliza ni achari na ubuyu. Nautafuna ubuyu siku nzima kama mtoto."

"Itapita," Trizah akamwambia. "Mwezi wa nne utakula mpaka mavyaa akufiche sufuria."

Aliza akacheka, vidole mdomoni. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo akiwa mlangoni, "Na fizi zatoka damu. Nikitema mate, mekundu."

"Ni mimba hiyo," Trizah akasema, naye tayari ameshika kalamu kuandika jina la anayefuata. "Kila mtoto na jino lake. Mamangu alitupata sisi sita, akabakia na meno ya kuhesabu. Usijali."

Wakacheka wote wawili. Aliza akaenda zake akiwa na vidonge vya kuongeza damu na tarehe ya kurudi.

*

Mwezi wa Mei wakunga kutoka zahanati kadhaa za kisiwani waliitwa kwenye mafunzo ya nusu siku huko Kizingo, katika ukumbi wenye feni na miti mikubwa nje. Trizah alikwenda akidhani ni yale yale ya kila mwaka: kunawa mikono, kujaza daftari. Mwalimu alikuwa daktari wa meno, mzee mpole aitwaye Ishaq, ambaye hakupanda jukwaani. Alivuta kiti akakaa katikati yao.

"Nyinyi," akasema, "mwamwona mjamzito mara nne, mara tano, mara nane. Mimi simwoni hata mara moja. Wanawake hawa hawaji kwangu. Waja kwenu. Na nyinyi mwawaambia, fungua mdomo, toa ulimi. Mwatazama ulimi, jino mwaliruka."

Watu wakacheka. Trizah hakucheka.

Daktari Ishaq akaeleza bila haraka. Mimba hulainisha fizi, zikavimba na kutoka damu, na uchafu ukikaa, fizi zikaoza kidogo kidogo. Matapishi ni makali, hula meno. Mtu aliyeacha mswaki miezi mitatu, akawa anamung'unya vitu vya sukari na vikali kutwa, meno yake yamo hatarini, na jino likioza mpaka shinani, usaha hauna adabu; huenda utakako. Habari ya kwamba mtoto hunyonya meno ya mamake ni uongo wa kale. Habari ya kwamba mjamzito hang'olewi jino wala hazibwi, nayo ni uongo. Huzibwa, hung'olewa, ganzi yake ipo na haimdhuru mtoto, na wakati mzuri kuliko wote ni mwezi wa nne mpaka wa sita wa mimba. "Sikutakeni mtibu," akasema. "Nataka mtazame, mwulize, mmtume. Mwanamke akisikia kwa mkunga wake, huamini. Akisikia kwangu, huogopa."

Trizah aliketi na kalamu mkononi, hajaandika neno. Alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe: kila mtoto na jino lake. Aliwahi kuwaambia hivyo wangapi? Alijaribu kukumbuka nyuso, zikaja nyingi mno, mpaka akaacha.

Kesho yake alimwendea Joab, msimamizi wa zahanati, mtu wa mahesabu aliyependa mambo yakae katika mistari. Akamwomba vioo vidogo vya kinywani na tochi.

"Kwenye daftari letu hakuna safu ya meno, Trizah," Joab akasema. "Nitaomba vifaa vya kitu ambacho hatukihesabu?"

"Basi tuongeze safu."

"Si langu kuongeza. Nitawaandikia wakubwa huko juu, tungoje."

Trizah hakungoja. Alitumia tochi ya simu yake na kijiko cha mbao cha kubonyezea ulimi. Wiki ya kwanza alitazama vinywa thelathini na kimoja, akaenda nyumbani kichwa kinamgonga. Fizi zilizovimba kama zambarau. Meno meusi. Mama mmoja alikuwa ametafuna upande mmoja tangu mimba ya mtoto wake wa pili, na huyu alikuwa wa nne. "Hukusema?" Trizah alimwuliza. "Hukuniuliza," akajibu yule mama, bila kinyongo hata kidogo.

*

Aliza alirudi katikati ya Juni, mimba ikiwa miezi sita. Kutapika kulikuwa kumekwisha zamani, uso umejaa, tumbo limetuna vizuri. Mtoto alikuwa anacheza chini ya kiganja cha Trizah mpaka wote wawili wakatabasamu.

"Fungua kinywa, nikuone," Trizah akasema, akawasha tochi.

Aliza akasita. "Ni kuchafu, Sista."

"Mimi nimeona watoto wakizaliwa, kinywa kitanishinda?"

Akafungua. Chini, upande wa kushoto, gego la nyuma lilikuwa limetoboka, shimo lake laingia punje ya mtama, na fizi iliyolizunguka imeinuka, inang'aa. Trizah akaligusa kwa ncha ya kile kijiko. Aliza akaruka, machozi yakamlenga.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu. Natia karafuu. Kukizidi namwomba Kashif anitie mafuta ya karafuu kwa pamba." Akafuta macho. "Si ulisema ni la mtoto?"

Trizah akazima tochi. Alikuwa na la kusema, na alilisema, maana hakuwa mtu wa kujificha. "Nilikosea, mwanangu. Nilikwambia nilichoambiwa na mamangu, na si kweli. Hili jino ni bovu na lataka kutolewa, na latakiwa litolewe sasa, kabla tumbo halijawa zito." Akamfundisha kusukutua kwa maji ya chumvi, akamwambia kama dawa ya meno yamtapisha, basi atumie mswaki wa mti, ule anaoutumia mumewe kabla ya swala, mradi fizi zisafishwe. Kisha akaandika barua ya kumpeleka kwa daktari wa meno, akaipiga mhuri.

Siku ya pili aliyekuja na ile barua hakuwa Aliza. Alikuwa Bi Sabira.

Bi Sabira alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mnene kidogo, mwenye hadhi. Alipoingia wanawake wa mabenchini walimsogelea kumpa mkono. Aliketi mbele ya Trizah, wakasalimiana kwa urefu, wakaulizana hali za nyumbani. Kisha akaitoa barua mkobani, akaiweka mezani taratibu.

"Sista, mimi sikuja kwa ubishi. Wewe wazalisha nusu ya mji huu. Tumbo ni lako, twakuamini. Lakini hili la jino, tuliache mpaka mwana azaliwe."

"Mama, daktari amesema kung'oa hakuna madhara. Ganzi haimfikii mtoto."

"Madaktari husema." Bi Sabira aliinamisha macho. "Nikwambie jambo. Mimi nalikuwa na mimba kabla ya Kashif. Miezi mitano. Jino likanisumbua, marehemu mume wangu akanichukua nikang'olewa, huko huko mjini. Siku ya tatu mimba ikatoka. Mwana mwanamume, kamili, vidole vyote. Nalimwona." Aliinua mkono wake, akautazama. "Sasa huyu msichana ni amana kwangu. Mamake yuko mbali. Nikimpeleka akang'olewe, likatokea la kutokea, nitamwambia nini mamake? Nitajiambia nini?"

Trizah alitaka kusema kwamba mimba ile haikutolewa na koleo. Kwamba huenda ni ule uchafu wa jino lenyewe, au homa, au jambo lingine lisilojulikana. Lakini alikuwa anamtazama mama aliyebeba msiba wa miaka arubaini, na maelezo yake yote yalionekana kama majani makavu. Alisema taratibu, "Pole, Mama. Pole sana. Mimi najua ulivyoumia. Lakini jino hili likiachwa, ndilo litakalodhuru."

"Inshallah halitadhuru," akasema Bi Sabira, akainuka. Barua aliiacha mezani.

*

Trizah alikwenda dukani kwa Kashif. Alimkuta anakunja leso, akamweleza yote akiwa amesimama, wanunuzi wakipita. Kashif alisikiliza kwa makini. Alimpenda mkewe, hilo lilionekana, na alimwogopa mamake, na hilo pia lilionekana. Mwisho akasema atampeleka kwa daktari wa meno wa kibinafsi, mtu mwenye chumba kizuri cha baridi, amwone kwanza, kisha waamue.

Wakaenda. Yule daktari alimtazama Aliza kinywani, akatazama tumbo, akavua glavu. Akasema hagusi mjamzito bila barua ya daktari wa uzazi. Wakaenda kwa daktari wa uzazi. Naye akasema mimba haina tatizo, habari za meno si zake, ni za daktari wa meno. Kama si lazima, bora wangoje. Akampa vidonge vya maumivu. Aliza alimhadithia Trizah haya kwa simu, sauti yake imevimba upande mmoja.

"Kila mmoja yuwaniambia nenda kwa mwenzake, Sista. Mimi nimechoka kupanda ngazi."

Hapo Trizah akajitia kiguu na njia mwenyewe. Baada ya kazi alikwenda hospitali moja ya umma, kwenye chumba cha meno, akamkuta tabibu aitwaye Abdulhalim anakula chapati juu ya faili. Kiti cha wagonjwa kilikuwa kimelala chali tangu Aprili, kimekwama, hakiinuki wala hakishuki, na kipuri chake kilikuwa kinangojwa kutoka mbali. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ya mwezi na nusu. Trizah alipomaliza kueleza, Abdulhalim aliweka chapati chini.

"Miezi sita? Huo ndio wakati wake. Mlete Jumanne saa nne. Nitamkalisha kwenye kiti cha kawaida, wewe umshikie kichwa. Nimeng'oa wengi hivyo."

Trizah alitaka kumbusu mikono. Akarudi Mji wa Kale, akapanda ngazi za nyumba ya Bi Sabira, akakaa naye saa nzima. Hakubishana. Alimwambia tu: "Mimi nitakuwepo. Mkono wangu utakuwa juu ya tumbo muda wote. Nikihisi jambo, nitasimamisha." Bi Sabira akasema, "Ukiwepo wewe, haya. Nimemwachia Mungu na wewe." Trizah alishuka ngazi zile miguu myepesi, akapita nje ya Ngome ya Yesu katikati ya wauza vinyago, na mara ya kwanza tangu yale mafunzo akajiona anafaa.

Jumanne saa nne alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha meno. Saa tano alikuwa bado amesimama. Abdulhalim alimaliza wagonjwa wawili, akatoka, akamtazama, akaita mwingine. Saa sita kasoro simu ya Aliza ikapokewa.

"Alhamdulillahi, Sista, limepoa!" Sauti ilikuwa nyepesi, ya furaha. "Tangu juzi usiku limepoa lenyewe. Haliumi hata nikilibonyeza. Mama asema tusilichokoze."

Trizah alifumba macho. Abdulhalim alikwisha kumwonya: jino likiacha kuuma ghafula, halijapona, limekufa, na linalooza ndani haliumi mpaka lipate pa kutokea. Alimweleza Aliza hivyo pale pale ukumbini, akizidi kupaza sauti bila kujua, mpaka wagonjwa wakageuka. Aliza alisikiliza. "Nimefahamu, Sista," akasema kwa upole, jinsi mtu anavyomwambia mtu mzima akichelea kumvunja moyo. "Likirudi kuuma nitakuja."

Jioni ile Trizah alikwenda nyumbani kwao. Alimkuta Aliza anakula biriani kwa pande zote mbili za mdomo, na Bi Sabira amefurahi, anamwongezea nyama. Walimpakulia na yeye. Alikula. Alisema tena, kwa maneno mengine. Walimwitikia kwa kila neno, wakamshukuru, na Trizah akaona wazi kwamba hapana kitu mkononi mwake: hana amri, hana sindano, hana kiti, ana mdomo tu, na mdomo huo huo ndio uliosema mwezi wa Februari kwamba si neno. Benard alipomwuliza nyumbani mambo yalikwendaje, akajibu, "Ningekuwa polisi ningemfunga nikampeleka." Kisha akajionea haya kwa kusema hivyo.

*

Wiki mbili zikapita, na siku tatu.

Asubuhi ya Ijumaa, mvua ikinyesha, Kashif aliingia zahanati akiwa amemshika mkewe kiunoni. Shingo ya Aliza ilikuwa imevimba kutoka sikio mpaka chini ya kidevu, ngumu, nyekundu, imekaza kama ngoma. Alikuwa anatokwa na mate na hawezi kuyameza. Mwili ulikuwa moto.

"Fungua kinywa, mwanangu," Trizah akasema.

Aliza alijaribu. Meno yalitengana upana wa ukucha, basi. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye uso wa Trizah, yanangoja aambiwe la kufanya. Trizah aliwasha tochi kwa mazoea tu, akaielekeza kwenye ule ufa mdogo, hakuona kitu. Aliizima.

Waliingia kwenye tuktuk, Aliza amekaa katikati, ameinama mbele kwa sababu akiegemea nyuma pumzi inamziba. Trizah alimshika tumbo kwa mkono mmoja. Barabara zilijaa maji, magari yamesimama, na dereva akapiga honi kila hatua. Karibu na Makadara Trizah alihisi tumbo limekaza chini ya kiganja chake, likawa gumu, likalegea. Akatazama saa. Baada ya dakika sita likakaza tena. Hakumwambia Kashif. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini.

Hospitalini walipokelewa bila kucheleweshwa, hilo Trizah alilisema siku zote. Madaktari walikuja watatu. Walimpeleka Aliza chumba cha upasuaji, wakamfungua chini ya taya, usaha ukatoka kikombe kizima, na lile gego likang'olewa hapo hapo. Walimtia dawa za kuzuia uchungu wa kuzaa, lakini uchungu ulikwisha shika njia. Kesho yake alasiri mtoto wa kike alizaliwa, kilo moja na robo.

Aliishi siku tano. Trizah alikwenda kumwona kila alipotoka kazini. Alikuwa kwenye kisanduku cha kioo, ngozi nyembamba kama ya kitunguu, mrija puani, na kila pumzi aliipigania kwa mbavu zote. Mikono ya Trizah, ambayo watu walisema ina macho, haikuwa na kazi pale. Alisimama, akaikunja nyuma ya mgongo. Siku ya tano, Alhamisi, Kashif alipiga simu, naye Trizah yu katikati ya kuwapima wenye mimba mpya. Alilia tu, na Trizah akafahamu.

Mtoto alizikwa kabla ya alasiri. Wanaume walikwenda makaburini. Aliza bado alikuwa kitandani hospitalini, bandeji shingoni, hawezi kusema vizuri. Trizah aliomba ruhusa kwa Joab, akajifunga mtandio, akaenda kukaa na wanawake matangani, juu ya mkeka, magoti yake yamegusana na ya Bi Sabira.

Kisomo kilipotulia, Bi Sabira alimwinamia sikioni.

"Sista. Ni jino?"

Trizah alikwisha kumwuliza daktari wa hospitali swali hilo hilo. Daktari alikuwa amesema, huenda. Homa kali na sumu ya usaha huweza kuleta uchungu mapema. Lakini watoto huzaliwa kabla ya wakati kwa mambo mengi, na hakuna mtu atakayekula kiapo.

"Huenda, Mama," akasema. "Hakuna anayejua kwa hakika."

Bi Sabira aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. "Langu nalilitoa, nikazika," akasema. "La huyu nikaliacha, nikazika. Sasa niambie wewe uliyesoma. Mimi ningefanya nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyepotea njia amwulizavyo mpita njia. Jibu lilikuwepo, daktari Ishaq angelisema kwa maneno mawili. Lakini hapo mkekani, harufu ya ubani imetanda, mama huyu ametazama uso wake, Trizah hakuthubutu kulitoa. Alimshika mkono. Ndani ya moyo wake aliongeza la tatu ambalo Bi Sabira hakulijua au alikuwa na ukarimu wa kutolitaja: kwamba palikuwa na siku ya kwanza kabisa, mwezi wa pili, jino likiwa bado lazibika, na mwanamke alisimama mlangoni akasema fizi zake zatoka damu.

*

Mwezi wa Agosti Joab alimwita ofisini, akafungua daftari jipya, na kwa rula akapiga mstari ukingoni mwa ukurasa. Juu yake akaandika: Kinywa. "Juu hawajajibu," akasema, bila kumtazama. "Tuanze tu." Trizah alimshukuru. Safu ile ilijaa upesi. Wengi aliowatuma hawakwenda. Waliokwenda, wengine walirudishwa wakaambiwa wazae kwanza, na barua zao wakamrudishia, zimekunjwa vizuri. Aliwapigia simu madaktari wa meno mmoja mmoja. Wengine walimsikiliza. Mmoja alimwuliza yeye ni daktari wa nini.

Mwishoni mwa Novemba alipita Barabara ya Biashara wakati wa mapumziko, akamwona Aliza amesimama nyuma ya meza ya duka, anamfunulia mteja leso. Alikuwa amekonda tena. Chini ya taya palikuwa na kovu jekundu, urefu wa kidole, na hakulifunika. Alipomwona Trizah alizunguka meza, akaja, wakashikana mikono.

"Sista, wakumbuka yule daktari wa chumba cha baridi?" akasema baada ya salamu. "Kashif alinirudisha kwake. Ameniziba meno mawili, na moja ameniambia nirudi. Hakuniuliza barua. Alinikalisha tu kitini, akaanza."

"Vizuri," Trizah akasema. "Vizuri sana, mwanangu."

"Ndiyo." Aliza aliitazama leso iliyokuwa mkononi mwake, akaikunja mara mbili, akaikunjua. "Sasa wanikubali, kwa kuwa sina mimba."

Mteja alikuwa anauliza bei. Aliza akageuka kumjibu, kisha akamrudia Trizah na kumwuliza hali ya Benard, na kama bado kuna foleni siku za Alhamisi. Trizah akamjibu kwamba ipo, ni ndefu kuliko zamani. Kisha akaaga, akarudi Kibokoni, ambako wanawake kumi na wanne walikuwa wanamngoja.